Mtalii Aliyekuja Kulea Mjukuu

Mama mkwe wangu aliingia kwenye takwimu za utalii akiwa anamwogesha mtoto. Aliyemwingiza ni mimi, na nusura nimpoteze kwa hilo.

Nifafanue kabla hamjanicheka. Mimi ni mtu wa takwimu. Ofisini kwetu kuna chumba chenye feni inayolalamika na meza nne zilizobanana, na kazi ya chumba hicho ni kujibu swali moja tu: utalii unachangia kiasi gani katika uchumi wa taifa? Watu hudhani ni rahisi. Unachukua mapato ya hoteli, unaongeza tiketi za ndege, umemaliza, twende tukale. Laiti ingekuwa hivyo. Mgahawa wa pale kituo cha mabasi unauza chai kwa wasafiri, na chai hiyohiyo inanywewa na mafundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Utawatenganishaje? Dereva wa teksi asubuhi kambeba mtalii, mchana kambeba mgonjwa wa mtaa wa pili. Na bia anayokunywa mtalii hotelini, kama imeagizwa kutoka nje, fedha yake huondoka nchini kabla chupa haijapoa, kwa hiyo lazima uipunguze. Sisi ndio wapunguzaji. Wakubwa wanatukwepa kwenye korido kwa sababu kila tukishika kalamu, namba nzuri inakonda.

Mkuu wetu wa kitengo tunamwita Desimali. Hajawahi kuiamini namba nzima. Hata ukimuuliza ana watoto wangapi, husita kidogo kabla ya kujibu.

Mwaka ule Desimali alikuja na hoja ambayo hata mimi, mbishi wa chumba kile, niliikubali. Alisema tunawahesabu wanaolala hotelini, tunawasahau wanaolala kwenye magodoro ya ndugu zao. Mtu anatoka mji mmoja, anapanda basi, anafikia kwa dada yake, ananunua viatu vya watoto, anashona gauni, anarudi kwake. Huyo ni nani? Kwa kanuni zetu, mgeni ni yeyote aliyetoka kwenye makazi yake ya kawaida akaenda kwingine kwa muda usiofika mwaka, bila kuajiriwa huko. Haikuandikwa popote kwamba lazima avae kofia na kupiga picha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nao hawakubagua aliyelipia chumba na aliyelala sebuleni.

Basi nikapewa kazi ya kuandika dodoso, yaani karatasi ya maswali watakayoulizwa wageni majumbani nchi nzima. Ijumaa Desimali akalisoma, akasahihisha koma mbili, akasema, "Lijaribu kwa mtu wa kweli. Jumatatu uniletee."

Mimi nilikuwa na mtu wa kweli nyumbani.

Mama mkwe alikuja mke wangu alipojifungua. Alifika na begi moja, akasema atakaa mpaka shingo ya mtoto ikaze. Shingo ikakaza, akakaa. Mtoto akajifunza kuketi, akakaa. Sasa mtoto alikuwa anatambaa na kula vipande vya gazeti langu, na bibi yake bado yupo. Mwanzoni nilinung'unika kimoyomoyo, maana nilinyang'anywa kiti changu na redio yangu siku moja. Lakini nyumba ilibadilika. Taarifa ya habari ikisomwa, mama mkwe humbishia msomaji kana kwamba yuko naye mezani. Nikichelewa kurudi, nakuta chai yangu mezani imefunikwa kwa kisahani, na juu ya kisahani kitambaa, ili isipoe. Mimi nimelelewa kwa wajomba, leo kwa huyu, likizo ijayo kwa yule, sanduku mkononi. Hakuna aliyewahi kunifunikia chai. Nilimpenda yule mama. Sikutaka aondoke, na hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu miezi yote ile.

Kulisema ndiyo ilikuwa kazi. Mkwe ni mkwe. Mazungumzo yetu yalikuwa shikamoo mama, marahaba baba, mvua itanyesha, haitanyesha, basi. Nikajidanganya kwamba jambo jema hujisema lenyewe.

Jumamosi asubuhi nilimkuta uani, mtoto yumo kwenye beseni, povu mpaka masikioni. Nikavuta kigoda.

"Mama, nina kazi ndogo ya ofisi. Naomba nikuulize maswali."

"Uliza, baba. Sina siri mimi."

Ukurasa wa kwanza nikaufunua nikaupita. Una swali moja tu, na nilijiona najua jibu lake. Nikaanza wa pili.

"Ulifika hapa lini?"

Akainua uso. "Si wewe uliyenipokea kituoni?"

"Ni mimi, mama. Lakini lazima ujibu mwenyewe."

Akajibu.

"Kusudi kuu la safari yako?"

"Huyu hapa," akasema, akamnyanyua mtoto akichuruzika maji.

"Tangu ufike, gharama za chakula na malazi analipa nani?"

Mkono wenye sabuni ukasimama. "Wewe, baba."

"Zote, au sehemu?"

"Zote."

Nikaandika kwa furaha. Mwandishi wa maswali hana raha kama kuona swali limeeleweka mara ya kwanza. Raha hiyo hupofusha.

"Na unakusudia kuondoka lini?"

Mtoto alipiga maji kwa viganja. Mama mkwe alimfuta uso taratibu, jicho moja, kisha la pili.

"Karibuni tu," akasema.

"Tarehe, mama. Hata ya kukadiria."

"Andika Jumatatu."

Nikaandika Jumatatu, kwa mwandiko safi kabisa. Kisha nikamuuliza swali la mwisho, kama angependekeza mahali hapa kwa ndugu na marafiki.

"Ningependekeza," akasema akiangalia beseni. "Ni watu wazuri."

Nilikwenda kukaa sebuleni nikiwa nimeridhika na maisha. Haikupita muda mke wangu akaja, akasimama mbele ya redio, akaizima.

"Mama anakunja nguo zake. Umemuuliza anaondoka lini?"

"Nilikuwa najaribu dodoso."

"Na nani anamlisha, umemuuliza?"

"Ni maswali ya kawaida. Yataulizwa nchi nzima."

"Basi nchi nzima itagombana na wakwe zake." Akaketi, na sauti ikashuka. "Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umempa dodoso. Heri ungempa jembe, angelima akabaki."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha.

"Mama anataka kukaa," akasema. "Kule kwake amebaki yeye na kuta. Lakini anasubiri useme wewe. Nikimwambia mimi, ataona namhurumia kwa kuwa ni mama yangu. Amesubiri muda wote huu mkwe wake afungue mdomo. Leo umeufungua, ukamwambia hayo."

"Nenda kamweleze."

"Nenda wewe."

"Nitamwambiaje? Ni mama mkwe."

"Ulipomuuliza nani analipia malazi, alikuwa nani?"

Nikaiwasha redio tena. Usiku ule chai yangu niliikuta imefunikwa kama kawaida, na hilo liliniuma kuliko kama ningeikuta imepoa.

Jumapili mchana begi lilikuwa limesimama mlangoni, limefungwa kamba. Nilipiga moyo konde mara kadhaa, kila mara nikaishia jikoni kunywa maji. Mwishowe nikafanya kile anachofanya mtumishi wa umma akikwama. Nikampigia simu mkuu wangu. Nilimwambia dodoso limejaribiwa na linaeleweka vizuri, tena mno.

"Swali la kuchuja alijibu nini?" Desimali akauliza.

"Lile la kwanza? Nililiruka. Jibu lake lilikuwa wazi."

Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Umeruka swali la kuchuja," akasema, kama mtu aliyeambiwa basi limeondoka bila breki. "Sasa umejuaje kuwa huyo ni mgeni? Karatasi hiyo yote ni batili. Rudia. Na safari hii uanzie mwanzo."

Nimemnung'unikia Desimali miaka mingi. Siku hiyo ningemkumbatia.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti changu, mjukuu amelala mapajani mwake. Nikaketi kwenye kigoda, karatasi mpya mkononi, macho chini.

"Mama, nimekosea kazi."

"Kazi gani tena?"

"Ile ya jana. Kuna swali la kwanza, sikukuuliza. Mkuu wangu ameikataa karatasi nzima. Anasema bila hilo, yale mengine hayakupaswa kuulizwa."

"Kama ni la fedha, nimeshajibu."

"Si la fedha." Nikasoma. "Je, hapa ndipo makazi yako ya kawaida?"

Akafikiri. "Makazi ya kawaida ndiyo nini?"

Mwongozo wetu, nilioandika mwenyewe, unasema anayehoji afafanue neno lakini asimwelekeze anayehojiwa kwenye jibu. Niliuvunja mwongozo hadharani.

"Ni pale ambapo ukitoka, watu wanakuuliza utarudi saa ngapi. Hawakuulizi unaondoka lini." Nikaiweka karatasi magotini. "Mama, nakuomba ukae. Si kwa ajili ya mtoto peke yake. Na mimi nataka ukae. Hii ni nyumba yako."

Jikoni sufuria zilizokuwa zikigongana zikanyamaza ghafla. Mke wangu ana masikio ya sungura.

"Nikijibu ndiyo, inakuwaje?" mama mkwe akauliza.

"Mahojiano yanaishia hapo. Nakushukuru, nafunga karatasi."

"Lile la chakula?"

"Halipo."

"La kuondoka?"

"Halipo, mama. Haliwahusu wenyeji."

"Na ile hesabu yenu ya taifa?"

"Utatoka. Utalii utapungua mtu mmoja."

"Hawatakugombeza?"

"Watanigombeza kidogo."

Alimpandisha mtoto begani, akampapasa mgongo, ingawa mtoto hakuwa analia. Kisha akapangusa jicho kwa ncha ya kitambaa, haraka, kama anayetoa kivumbi.

"Andika ndiyo," akasema. "Halafu ondoa hilo begi mlangoni, mtu atajikwaa."

Niliandika. Niliinama nikalinyanyua begi kwa nguvu zote za mwanamume anayetazamwa na mkwe wake, nusura nianguke chali. Lilikuwa jepesi mno. Kamba ikalegea, nikaona ndani mna gauni moja na soksi za mtoto.

"Nilikuwa bado napanga," akasema, bila kunitazama.

Jumatatu asubuhi, siku niliyoiandika kwa mwandiko safi, mama mkwe aliondoka kweli. Aliondoka na kapu, kwenda sokoni. Mimi nilikuwa mezani natafuta dodoso la kumpelekea Desimali, lile lenye jibu moja tu. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kupeleka ofisini karatasi tupu kiasi kile, wala kuifurahia kiasi kile. Nilimsikia akivaa viatu barazani, nikakimbilia dirishani kabla hajafika getini.

"Mama, utarudi saa ngapi?"

Alisimama. Hakugeuka mara moja. Alipogeuka, alikuwa anacheka.

"Jioni wewe ukirudi utanikuta," akasema. "Kunywa chai, imefunikwa."