Ujumbe Uliofutika

Kiden alikwenda stoo kuchukua karatasi za printa, akarudi kabla dakika tano hazijaisha. Kwenye mstari wa chini kabisa wa skrini aliyakuta maneno mawili na jina: UMEONA? JIBU. KEJI.

Aone nini?

Simu zilikuwa hazishiki mtandao tangu asubuhi. Kliniki ya Arua na tawi lake la Koboko zilibaki kuwasiliana kwa kompyuta tu, kupitia antena zao wenyewe, na Kiden ndiye aliyeitengeneza njia hiyo. Ujumbe mfupi ulitokea pale chini ili anayeandikisha wagonjwa asikatizwe kazi. Ujumbe mpya ukija, unafuta uliotangulia. Hakuwahi kuuona ubaya wake.

Akaandika: SIJAONA. RUDIA. Mstari ukabaki mtupu. Akaandika tena. Akasimama, akaketi, akachungulia mlangoni, akarudi. Labda umeme umekatika Koboko. Labda Sista Agnes Keji, mkunga wa huko, anaulizia glavu alizoagiza. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Alimkuta Daktari Adrabo ananawa mikono, tayari kuondoka.

"Daktari, kuna ujumbe wa Koboko umenipotea. Sijui ulisema nini."

"Nani alituma?"

"Sista Keji. Ameuliza kama nimeona, halafu kimya. Labda ni glavu alizoagiza tu."

Daktari akafunga bomba. "Keji si mutu ya kuandika mara mbili bure. Fungua chumba ya upasuaji. Toa damu kwa friji. Kama ni glavu, tutacheka."

Karibu saa nzima Kiden hakujua aiweke wapi mikono yake. Alikwenda getini mara nne.

"Madam, unatafuta nini?" akauliza Kasimiro, mlinzi.

"Sijui. Wewe acha geti wazi tu."

Gari la wagonjwa likaingia kwa kasi. Keji akaruka chini, gauni limelowa damu hadi magotini. Ndani ya gari alikuwa amelazwa mama mjamzito, midomo imempauka.

"Iko tayari?" Keji akapaza sauti.

"Iko tayari, Sista!"

Mtoto alitolewa akiwa hai. Mama aliongezewa mifuko minne ya damu ndipo presha yake, iliyokuwa imeshuka mno, ikapanda.

Jioni Keji akamfuata Kiden mezani. "Ulipata ujumbe yangu. Mungu akubariki."

Ilikuwa rahisi kuitikia kwa kichwa. "Sikuupata, Sista. Wa pili uliufuta. Tulibahatisha."

Keji akavuta kiti. "Mimi siendi Koboko mpaka hii kitu inatengenezwa."

Kiden akaanza kuandika programu upya, ili ujumbe usifutike mpaka aliyeusoma abonyeze kitufe. Akakosea, akafuta, akakosea tena. Keji alikuwa begani kwake na gauni lile lile la damu.