Slabu ya Mama Subilaga

1.
Miezi mitano Mama Subilaga hajapika. Magoti yamekikataa kigoda. Akikaa, hainuki bila kushikwa. Anapelekewa chakula sebuleni kama mgeni. Anakisifu. Hakimalizi.

Binti yake, Tusekile, ameliona hilo. Anataka slabu ya zege jikoni, mama apike amesimama.

2.
Maswali ya Tusekile kwa mafundi:

— Zege likimwagikiwa ndimu, litababuka?
— Binzari ikidondoka, doa litatoka?
— Ulikojenga mwaka juzi, naweza kwenda kubisha hodi?

3.
Fundi wa kwanza: "Dada, kesho kutwa unapika! Hayo ya kubisha hodi ni ya kuchunguza mchumba."

Fundi wa pili, Gwakisa: "Nenda. Kwa mzee Ndalama utaona ufa. Ni wangu." Kisha akauliza, "Atakayepika ni nani?"

4.
Wewe unayesoma, ungemchukua yupi?

Tusekile alipiga magoti kwanza. *Bwana, nionyeshe.* Halafu akaenda kuutazama ufa. Mwembamba kama unywele, umezibwa.

"Alirudi mwenyewe," mzee Ndalama alisema. "Sikumwita."

5.
Jumapili, ibada ilipokwisha, Gwakisa alikuja kumpima Mama Subilaga, sakafuni hadi kiwikoni.

"Shikamoo, mama. Naomba uvue viatu."

"Marahaba. Nisimame peku mbele ya mgeni, siku ya Bwana? Pima, mwanangu."

Akapima.

6.
TANGAZO KWA WAKAZI WOTE WA NYUMBA HII

Zege limemwagwa leo. Kwa siku saba litafunikwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Ni marufuku kuegemea, kuweka sufuria, au kuchungulia chini ya gunia.

Kwa amri,
Tusekile
(amekwisha kuchungulia mara nne)

7.
Siku ya nane mbao zilizolishikilia zege zikatolewa. Laini. Kijivu, kama anga la Uyole kabla ya mvua. Mama akaja na ndala zake, akasimama.

Juu.

Slabu ilikipita kiwiko kwa vidole vitatu.

8.
"Ni vile viatu vya kanisani," Gwakisa alisema kabla hajaulizwa. "Niliona visigino, nikaona haya kumbishia mama mtu mzima. Kosa ni langu. Nitavunja, nimwage upya."

*Bwana,* Tusekile aliomba kimoyomoyo, *nilikuomba fundi asiyekosea, nawe ukanipa…*

9.
"Mama, avunje?"

Kiganja cha mama kilikuwa kinatembea juu ya zege, taratibu, hadi ukutani, kikarudi.

"Mama?"

"Mnanipigia kelele. Vitunguu viko wapi?"