Kamera Kwenye Kiti cha Bi Mejumaa

Bi Mejumaa aliitazama picha kwenye kompyuta, akajisogeza karibu, akarudi nyuma, kisha akauliza, "Mwanangu, ni nani huyu aliyepanda juu ya kabati langu?"

Kazungu hakuona mtu. Ukumbi wa juu wa nyumba ile ya mawe, kama alivyouchora, ulikuwa mtupu, mweupe pe, uking'aa kama sahani iliyooshwa.

"Hakuna mtu, Bi."

"Yupo. Huyu anayetazama! Ukumbi wangu hauonekani hivi mpaka upande kabatini, kichwa kiguse boriti. Na weupe huu je? Nimelazwa hospitali?"

Kazungu masikio yalimwaka moto. Programu ya kuchorea nyumba alijifunza peke yake, bila mwalimu wala cheti, na hakupenda kukosolewa na mtu asiyejua hata kuwasha kompyuta. Kamera ya ndani ya programu, ile inayoamua picha ionekane kutoka wapi, aliiweka juu pembeni makusudi, akaipanua lenzi ili ukumbi mwembamba uonekane uwanja.

"Ndivyo wateja wanavyopenda, Bi."

"Basi hao umeshawafanyia. Nami nifanyie wangu."

Picha ile haikuwa pambo. Watoto watatu wa Bi Mejumaa, wote wakiishi Maskati, walikuwa wamekubaliana waione Ijumaa, kisha waamue: nyumba ya mama yao hapa Mji wa Kale itengenezwe abaki ndani yake, au iuzwe wamchukue. Yeye kuchukuliwa hakutaka. "Mimi si sanduku," alisema.

Kazungu alirudi kwake, mtaa wa Ganjoni, amenuna. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu, na majirani walimjua kwa mlio wa funguo tu. Tangu agombane na mkubwa wake na kuiacha ofisi, siku nne zingeweza kupita jina lake lisitamkwe na kinywa cha mtu. Alikula mbele ya kompyuta, akizungukazunguka ndani ya sebule za watu wengine, akiwabadilishia mapazia. Bi Mejumaa ndiye aliyemwita kwa sauti, tena kutoka dirishani, Kazungu akiwa bado chini kichochoroni: "Kazungu! Panda, mlango uko wazi!" Kichochoro kizima kikasikia kwamba Kazungu amefika.

Kesho yake akarudi na futi ya kupimia.

"Kaa pale unapokaaga, Bi."

Akakaa kwenye kiti chake cha mpingo, kinachotazama mlango wa ngazi. Kazungu akapima kutoka sakafuni hadi kwenye jicho lake.

"Wanipimia sanda?"

"Nakupimia kamera."

"Afadhali."

Rangi ya ukuta ule haikuwemo kwenye programu. Kulikuwa na nyeupe thelathini na mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa chokaa. Akaupiga ukuta picha kwa simu, akaipeleka picha ile kwenye kompyuta na kuuvika ukuta aliouchora. Mng'aro akaupunguza hata ukafa kabisa, isipokuwa mahali pamoja nyuma ya kiti cha pili, ambapo bega la marehemu bwana wa Bi Mejumaa lilikuwa limeisugua chokaa miaka arubaini mpaka ikalainika. Pale akaacha mng'aro kidogo. Lenzi akaibana, ukumbi ukaurudia wembamba wake. Kamera akaikalisha kwenye kiti cha Bi Mejumaa, kimo cha jicho lake.

Kompyuta ilipomaliza kuipika picha, Bi Mejumaa aliisogelea. Akajifuta uso kwa ncha ya leso.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo nilipo." Kisha akainama kutazama vizuri. "Ila umesahau viatu."

"Viatu gani?"

"Mlangoni. Nyumba ya watu haikosi viatu mlangoni. Tia jozi mbili tatu."

"Viatu vinachafua picha, Bi. Sakafu ninayochora mimi huwa safi."

"Tia hata jozi moja, Kazungu."

"Bi, hii kazi niachie mimi."

"Haya, bwana mkubwa." Akacheka, akamsogezea kahawa. Kazungu akainywa akijiona ameshinda.

Ijumaa baada ya swala Kazungu alikuwako, ameketi kwenye kile kiti cha pili, simu imeegemezwa kwenye birika, watoto wa Maskati wakiwa kwenye laini. Picha ilikwishatumwa. Binti mkubwa, Mwanaesha, ndiye aliyewasemea wenziwe.

"Ndugu yangu, umechora vizuri. Vizuri mno. Nimejiona nimekaa pale pa Mama." Kisha akauliza, "Mama, mbona mlangoni hakuna hata kiatu kimoja?"

"Ni picha tu, mwanangu."

"Enzi za Baba tulikuwa tukiviruka viatu ili tupite. Siku hizi haji mtu?"

"Waja."

"Nani?"

Bi Mejumaa akatazama mlangoni. Makubadhi ya Kazungu yalikuwa pale pale kizingitini, yametazamana na ngazi, kisigino cha kushoto kimelika upande mmoja.

"Huja Kazungu," akasema.

"Kazungu ni fundi, Mama. Kazi ikiisha, ataenda zake."

Hapo palikuwa pahali pa kusema neno. Kazungu, ambaye kwa wakubwa wa ofisi hakukosa jibu hata siku moja, alifungua kinywa akakifunga. Angesema yeye ni nani pale? Akautazama ukuta.

"Tumekwisha kuamua," Mwanaesha alisema taratibu. "Hatuwezi kukuacha ukae mbele ya mlango mtupu. Utakuja kwetu kabla ya Ramadhani."

Simu ilipokatika, Bi Mejumaa hakumlaumu. Alimwuliza tu kama kahawa imepoa. Kazungu alivaa makubadhi yake akateremka ngazi, na safari ile hakusikia jina lake kutoka dirishani.

Mwezi ule ule nyumba ilifungwa. Kazungu alipita kichochoroni mara moja, akaona dirisha limetiwa komeo, akarudi Ganjoni akaifungua kazi ile aliyoihifadhi. Alivua makubadhi yake, akayapiga picha, akayachora upya, ngozi na nyuzi zake, akakichora kisigino cha kushoto kimelika upande mmoja. Akayaweka kizingitini. Kamera hakuigusa. Akaiacha kompyuta ipike.

Ilipomaliza alisogea kutazama. Kutoka kwenye kiti cha Bi Mejumaa, viatu vilionekana vizuri sana.