Milimita Nane

Karatasi ilitoka bila kushikwa. Fundi Nyamvula aliipitisha tena baina ya fremu ya kioo na mpira mpya wa mlango wa gari, akaivuta, ikateleza kama haikubanwa na kitu. Kwenye pembe ya mbele karatasi hiyo hiyo ilikuwa imebanwa hadi ikachanika. Pembe ya nyuma ilibaki wazi.

"Funga tena, bwana Salem. Safari hii kwa nguvu."

Salem aliushika mlango kwa mikono miwili, akausukuma polepole mpaka kitasa kikaingia.

"Nimekwambia ufunge mlango," alisema Nyamvula. "Sikukwambia umlaze mtoto."

Salem alicheka, kwa kuwa hata mkewe humtania hivyo. Nyumbani hufunga kabati la vyombo kwa mikono miwili. Sababu yake ilikuwa gari hili hili.

Lilikuwa Peugeot 404 la marehemu baba yake, Mzee Abdulhakim. Mwaka 1995, Salem akiwa na umri wa miaka kumi na sita, aliubamiza mlango huu wa kushoto, na kioo kikapasuka toka pembe hadi pembe. Baba yake aliinyooshesha fremu na kutia kioo kingine. Hicho nacho hakikufunga sawasawa, na tangu hapo kila masika maji yaliingia. "Umeiharibu gari ambayo haijapata kuguswa," baba alimwambia mbele ya watu wote wa nyumba. Hakumpa ufunguo hata siku moja. Gari liliendeshwa na shemeji yake, mume wa dada yake Salme, na Salem alipanda nyuma kama mgeni. Mzee alifariki mwaka juzi. Salem alilileta gari kwenye gereji hii ya Mtopanga ili atengeneze alichokiharibu. Fundi hakuambiwa hayo. Aliambiwa tu kwamba kioo cha kushoto lazima kifunge.

Nyamvula alisomea kazi yake chuoni, na hakupenda kubahatisha. Aliinua kioo, akakishusha, akatazama reli zake. Alibonyeza mpira kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kioo kimekaa. Reli zimenyooka. Mpira sikuuvuta nilipokuwa nautia, kwa hiyo haujarudi nyuma. Kosa haliko mlangoni."

"Liko wapi?"

"Tutalipima."

Alichukua tepu, akapima uwazi wa mlango wa kulia, kutoka pembe ya juu ya nyuma hadi pembe ya chini ya mbele. Aliandika tarakimu kwa chaki sakafuni. Akapima upande wa kushoto, akaandika tena chini yake. Tofauti ilikuwa milimita nane.

"Nguzo ya kati imeingia ndani," alisema. "Hii hapa, inayobeba kitasa. Fremu ya kioo imenyooka, nguzo haikunyooka. Vitakutana wapi?"

 Salem aliuliza swali alilokaa nalo tangu ujana.

"Mtu akiubamiza mlango sana, anaweza kuipinda nguzo?"

"Mtu gani? Hata uwe na mikono ya kubebea magunia bandarini! Mlango ukibamizwa huvunja kioo, pengine huvunja kitasa. Nguzo hii ilipigwa na kitu kizito."

Alibandua mpira kwenye nguzo na kukwangua rangi kwa wembe. Chini ya buluu palikuwa na pati, ule udongo wa mafundi wa bodi wa kuzibia mabonde. Chini ya pati paling'aa shaba ya kulehemu. Akaenda upande wa kulia, akakwangua mahali pale pale. Chini ya buluu palikuwa na rangi nyeupe, na chini ya nyeupe bati safi.

"Gari lilikuwa jeupe. Likagongwa, likalehemiwa, ndipo likapakwa buluu. Buluu hii ni ya mwaka gani?"

"Sabini na nne," alijibu Salem. Kila mtu nyumbani aliujua mwaka huo. "Mimi nimezaliwa sabini na tisa."

Nyamvula aliuweka wembe chini.

Alasiri Salem alifika kwa mama yake, Bi Swabra, Frere Town. Alimkuta barazani akichambua mbaazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekusawijika? Gari limekushinda?"

"Mama, nani aliigonga gari kabla haijapakwa buluu?"

Mikono ya Bi Swabra ilisita juu ya sinia. Kisha alisema, bila kumtazama, "Baba yako. Tulikuwa tukitoka arusini, njia ina matope. Alikwenda mbio kunionyesha alivyo hodari, gari likateleza, ubavu ukaugonga mnazi. Babu yako ndiye aliyelinunua. Angejua, angelichukua siku hiyo hiyo. Tukalitengeneza kwa siri, tukalipaka lote."

"Na kioo changu?"

"Fundi aliilazimisha fremu ifuate nguzo iliyopinda. Kioo kilikuwa kimebanwa miaka yote ile. Kingepasuka kwa yeyote."

"Ulijua, ukaniacha."

"Nilimwambia baba yako, 'Mtoto hana kosa.' Akanikatalia. Wallahi, Salem, kufikia wakati ule nadhani alikwisha kuyasahau ya mnazi."

"Mwambie Salme. Ameishi na maneno yale ya baba kama nilivyoishi nayo mimi."

"Marehemu hasemwi, mwanangu. Tumwombee, tusimtaje kwa aibu."

"Simsemi vibaya, mama. Mimi niko hai, na miaka thelathini nimesemwa. Nataka jambo langu lisemwe lilivyokuwa."

Bi Swabra aliokota ganda moja la mbaazi, akalitupa.  Mwishowe alifuta mikono kwa leso, akachukua simu, akabonyeza jina la binti yake na kuiweka sauti wazi.

"Abee, mama," Salme aliitika.

"Salme, ndugu yako yuko hapa. Nataka ujue kwamba si yeye aliyeharibu kioo."

"Kioo kipi?"

"Cha gari. La baba yenu."

"Mama, gari lile lina vioo vingi. Kulikuwa na nini?"

Salem alimtazama mama yake. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, kwa kilio, hata kwa radhi. Kusahauliwa hakukumjia akilini.

Bi Swabra naye alimtazama, na machozi yakamlengalenga. Alilisogeza sinia pembeni, akaileta simu karibu na mdomo.

"Basi keti, mwanangu," alimwambia Salme. "Itabidi nianze mwanzo. Na mwanzo wenyewe, mimi nilikuwa ndani ya gari."