Meza ya Nane

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, binti alipanga meza za mkahawa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Kazi ni kazi, hakuiba kitu. Lakini wiki iliyopita meneja aliongeza meza ya nane, ukingoni kabisa mwa barabara, na tangu siku hiyo roho ya binti iko juu juu. Mama yake hupita hapo saa tatu.

Mama alikuwa fundi cherehani mpaka macho yakapofuka. Miguu anayo. Kila siku humwendea dada yake mgonjwa mwisho wa mtaa, hatua mia mbili na kumi, anazihesabu, wala hataki mtu wa kumwongoza. Husema siku atakayoshikwa mkono ndiyo siku amezeeka, wamchimbie kaburi kabisa.

Zamani alipapasa ukuta. Kisha yakaota maghorofa, na chini ya kila ghorofa mkahawa. Watu wakaongezeka mara tatu, njia ikabaki nusu, na nani wa kuuliza? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kiti hamjui mwenda kwa miguu. Meza zilipoziba ukuta, mama akahamia ukingoni, fimbo ikifuata mawe ya pembeni ya barabara. Sasa na ukingo wenyewe una meza. Juzi alishuka barabarani kuizunguka, gari likamkosa kwa kidogo tu, na juu ya hayo dereva akamtukana.

Jioni ile mama alimlaani sana anayepanga meza zile, akasema huyo hakuzaliwa na mwanamke. Binti akaitikia kuwa kweli. Nyumbani alikuwa amesema anaosha vyombo jikoni. Uongo mdogo, wa kuepusha maneno, na ona ulivyomfikisha.

Alimwomba meneja waitoe ile meza moja tu. Meneja, kwa upole wake wa kuudhi, akamweleza kuwa meza moja ni wateja wanne, na wanaoitaka kazi yake wako wengi.

Leo saa tatu fimbo ikagonga mguu wa meza. Binti akaganda na trei mkononi. Barabarani magari yalifuatana bila nafasi, hakuna pa kushukia. Mama akapapasa, akapata kiti, akakaa. Kutoka mlangoni meneja akaashiria kwa kidevu: huyo aondolewe.

Binti akasogea kimya, akiomba Mungu asijulikane. Mama akanyoosha mkono kumzuia huyo mhudumu, akagusa aproni. Kidole kikatembea kwenye pindo, taratibu, mshono kwa mshono. Aproni ile aliishona mwenyewe kwa kupapasa, ya mwanawe kuoshea vyombo.

"Kumbe unayezipanga ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Heri angemfokea. Mama aliiegemeza fimbo mezani, kisha akamnyooshea mkono.

"Basi nishike, mwanangu. Leo nimezeeka."

Machozi yalimtoka binti, lakini mkono hakuushika. Aliweka trei chini, akampa mama fimbo yake, akamwomba asimame. Akaibeba meza ya nane na kuipeleka ndani hadi miguuni pa meneja, akavua aproni na kuiweka juu ya meza. Akarudi kuchukua viti.

"Ukingo uko wazi, mama. Ulifikia hatua ya ngapi?"

"Mia na nne," mama akasema, na fimbo ikaanza kutafuta mawe.