Matoazi ya Upande wa Pili

Majirani walimpa jina la Tingatinga kwa sababu ya muziki wake, naye hakulikataa. Alikuwa fundi wa kuchonga vipuri vya chuma karakanani, na tangu ujana alikuwa na santuri moja aliyoipenda kupita zote: muziki mzito wa roki, jaladani imechorwa treni inayotoka kinywani mwa simba. Kila Jumamosi akirudi kutoka kazini alioga, akaitoa kwa kushika kingo tu, akaiweka kwenye gramafoni, na vikombe vikaanza kutetemeka kabatini. Mkewe, mshonaji wa mapazia, alikuwa na cherehani yake chumba cha pili. Kwake yeye ule haukuwa muziki, zilikuwa kelele, na alishazizoea kama mtu anavyozoea kuishi karibu na mashine ya kusaga.

Jumamosi moja Tingatinga alisimamisha santuri katikati ya wimbo wa upande wa pili.

"Matoazi yamekwenda wapi?" aliuliza.

"Matoazi gani tena?" mkewe akajibu kutoka kule kwenye cherehani.

"Hapa gitaa linanyamaza, halafu yanapigwa matoazi peke yake, taratibu, kwa ncha ya kijiti. Hayapo."

Aliifuta santuri kwa kitambaa laini. Haikusaidia. Alibadilisha sindano, akafungua spika na kuunga waya upya. Ngoma zilimgonga kifuani kama kawaida na besi ilinguruma, lakini sauti za juu hazikuwapo, kama nyumba iliyoezuliwa paa. Asiyekuwepo na lake halipo. Lawama zikamwangukia shemeji yake.

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, alikuwa dereva wa lori na mtu wa masihara. Aliwahi kuiazima santuri kwa sherehe ya kumuaga mwenzake kazini, akairudisha. Alipoitwa alikuja akicheka tangu mlangoni.

"Shemeji, umeniita kwa heri au kwa shari?"

"Uliifanyia nini santuri yangu?"

"Niliicheza. Ulitaka niikaange?"

"Umeiharibu. Au umebaki na yangu ukaniletea nyingine mbovu."

Shemeji alidhani ni utani wao wa siku zote. Alimtazama usoni, akaona si utani.

"Unaniita mwizi," alisema, "ndani ya nyumba ya dada yangu."

Aliondoka bila kuaga. Mkewe Tingatinga alibaki amesimama na sinia mkononi. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," alimwambia mumewe, na kwa siku kadhaa hakumwambia jingine zaidi ya "chakula tayari."

Tingatinga hakurudi nyuma. Alimwagiza muuza santuri za zamani amtafutie nakala nyingine, na ilipopatikana ilikuwa mpya, haijawahi kuguswa na sindano. Aliicheza mchana huo huo. Gitaa liliponyamaza, aliinama hadi sikio likakaribia kugusa spika. Kimya. Akaitoa, akaweka ile ya zamani. Kimya kilekile.

Chumba cha pili cherehani ilikuwa imesimama. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, mkewe alikuwa anasikiliza. Alikuja mlangoni na uzi ungali unaning'inia mdomoni.

"Yapo," alisema.

"Nini?"

"Hayo matoazi yako. Tsi, tsi, tsi. Yapo kwenye zote mbili."

Tingatinga alimkodolea macho. Alirudisha sindano nyuma. "Yakianza, inua kidole."

Mkewe aliinua kidole, na gitaa liliporudi akakishusha. Wakarudia. Wakarudia tena kwa nakala mpya, na kila mara kidole kiliinuka palepale. Mwishowe Tingatinga alizima gramafoni, akakaa.

"Kumbe ni mimi," alisema.

Kule karakanani mafundi walikuwa wamepewa vifuniko vya masikio, naye alivitundika kwenye msumari akisema ni vya watu laini. Daktari wa masikio alimpima, akamweleza bila kuzunguka kwamba kelele za mashine zimekula sauti za juu na hazitarudi. Na kwamba gramafoni nayo haikukosa hatia. Akampa kifaa cha kuvaa sikioni. Nyumbani alikijaribu kwenye santuri. Matoazi aliyasikia, ila yalikuwa kama mtu anaosha vijiko kwenye sinki. Akaamua atakivaa kwa ajili ya mazungumzo ya watu, akiweka santuri atakivua.

Kisha alichukua ile nakala mpya, akaenda kwenye yadi ya malori. Shemeji alikuwa anakaza nati za gurudumu pamoja na madereva wenzake.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi."

"Sikusikii," alisema shemeji bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kuomba radhi!"

"Bado."

Tingatinga alipaza sauti mpaka wale madereva wakageuka. "Nilikusingizia! Santuri haikuwa na kitu! Ni masikio yangu!"

Shemeji aliweka spana chini, akafuta mikono. "Dada alishaniambia. Nilikuwa nangoja uje mwenyewe."

Tingatinga alimpa santuri. Shemeji aliigeuza huku na huku.

"Nitaifanyia nini? Sina hata gramafoni. Ile ya sherehe ilikuwa ya kuazima."

"Basi itabidi uje kuichezea kwetu."

Shemeji aliiweka santuri kwenye kiti cha lori, akaokota spana. Jumamosi ile hakuja, wala iliyofuata. Alikuja baada ya safari moja ndefu, na santuri chini ya kwapa, akachagua kiti kilicho karibu na mlango. Walizungumza habari za barabara na matairi. Utani ulikuwa mchache, na kila mmoja aliupima kwanza kabla ya kuutoa. Wimbo wa kwanza ulipoisha, dada yake alimletea chai, akavuta kigoda akaketi nao.