Chumvi Mgongoni mwa Mpangaji

Jina la Bibi Afya binti yule alipewa kwa kebehi, na aliyempa alikuwa mpiga picha wa mlango wa pili, mtu mwenye studio ndogo na mdomo mkubwa.

Siku hiyo walikuwa wametoka pamoja kwa muuza samaki, kila mmoja na mfuko wake wa plastiki, na ndani ya kila mfuko samaki wa njano, bapa kama sahani, ndugu wa beseni moja. Mpiga picha alifika studio, akafungua mfuko, akammwaga wake kwenye tangi la kioo kama anayemwaga maji ya kunawa. Binti naye aliingia kwenye kliniki ya meno ya shangazi yake, alikokuwa mpokea wagonjwa, akalipita tangi kubwa la maji ya chumvi la mapokezi bila hata kuligeukia, akazama stoo. Humo, katikati ya maboksi ya glavu na pamba, kulikuwa na beseni lenye hita, pampu ya hewa na kipande cha bomba cha mgeni kujifichia.

"Karantini," alisema. "Mwezi mmoja."

"Mwezi!" Mpiga picha alicheka mpaka akashika mlango. "Kwani kavuka mpaka bila pasipoti? Jamani, Bwana Afya tunamjua. Leo tumempata Bibi Afya!"

Jina likanata. Hata wagonjwa waliovimba mashavu waliliita, kwa taabu, lakini waliliita.

Binti alikuwa na sababu yake, na hakupenda kuisimulia. Mwaka uliopita yeye mwenyewe alimtia samaki wa buluu kwenye tangi lile moja kwa moja, kwa mapenzi tu, ili shangazi akirudi kutoka chakula cha mchana akute zawadi. Haikupita wiki tatu, samaki wote saba walikuwa wamekwisha. Tangi likakaa wiki kumi na moja bila samaki, kamba wawili tu wakizunguka humo kama walinzi wa jengo lililohamwa. Ndipo wakaja samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Watoto waliokuja kung'olewa meno wakawaita Wenye Nyumba, na mtoto akiwatazama Wenye Nyumba husahau kulia mpaka aitwe ndani. Shangazi akanunua televisheni, akaisukuma stoo ndani ya boksi lake, na kutoa hukumu:

"Wakifa na hawa, tangi linatoka, televisheni inapanda ukutani. Hapa ni kliniki, siyo matanga."

Juu ya boksi hilohilo ndipo lilipokaa beseni la yule wa njano, ambaye kwa kuwa alikuja kuwakuta Wenye Nyumba, aliitwa Mpangaji. Kila Bibi Afya alipomlisha, aliiona hukumu yake imelala chini, na picha ya kasuku wa rangi zote ubavuni.

Siku ya pili asubuhi alimmulika kwa tochi ya simu. Mgongoni na kwenye mapezi kulikuwa na vidoa vyeupe, kama kanyunyiziwa chumvi ya mezani, na Mpangaji alikuwa anajikwangua kwenye bomba.

Mpiga picha alichungulia. "Mbona hata wangu yuko hivyohivyo? Dada, si samaki wa maji ya chumvi huyu? Chumvi imemganda. Wewe ukitoka kuoga baharini unakuwaje?"

"Mimi nakauka. Huyu hajatoka majini tangu azaliwe. Chumvi itagandaje ndani ya maji?"

"Basi jasho."

"Ni vimelea, kaka. Mtoe wako leo."

"Nimtoe nimlaze wapi, wodini?" Akaondoka anacheka.

Bibi Afya hakuwa na muda wa kubishana. Mwaka mzima tangu misiba ile alikuwa amesoma kila alichokipata, na dawa aliyoichagua ilikuwa kuhama. Vimelea hivi humng'ang'ania samaki siku chache, kisha huanguka chini, hujifunika na kuzaana humo, na baadaye vizazi vyao huibuka kwa mamia kumtafuta samaki. Sasa mhamishe samaki kila baada ya siku tatu, mara nne, kwenye beseni jingine lenye maji mapya. Vilivyoanguka vinabaki nyuma kama wadai waliokuta nyumba imefungwa. Beseni la zamani unalisugua, unalianika juani mpaka linakauka kau.

Siku ya nne akamhamisha. Siku ya tano Mpangaji hakuwa na doa hata moja. Aling'aa kama ganda la limau. Na siku hiyohiyo watoto wa chekechea walikuwa wanakuja kufundishwa kupiga mswaki.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ahaa, kumbe kapona! Mtie kwenye tangi, watoto wako njiani. Niliwaahidi samaki wa njano."

"Shangazi, bado."

"Bado nini? Hana hata kipele."

Nyuma yake mpiga picha, aliyekuja na kamera kupiga picha za ziara, akadakia: "Wangu naye kapona, daktari, tena bila kuhamishwahamishwa kama mzigo wa soko. Nilisema mimi. Chumvi imeyeyuka."

Kumkatalia bosi ni shughuli, na kumkatalia shangazi ni shughuli mbili. Huyu alikuwa wote wawili. Bibi Afya akawatazama Wenye Nyumba kupitia mlango, mmoja akimfukuza mwenzake nyuma ya jiwe, hawana habari.

"Shangazi," alisema, "mtu jino limemuuma wiki nzima. Ghafla limeacha, hakuna aliyeligusa. Utamwambia kapona?"

"Jino likinyamaza lenyewe," alisema shangazi taratibu, "mara nyingi ndani limekufa. Hapo ndipo kazi inapoanza."

"Basi na hapa ni hivyo. Madoa hayajapona, yameanguka. Kwa huyu jirani yetu yako chini ya tangi, yanazaana."

Shangazi akavua glavu.

"Watoto wataletwa humu," alisema. "Watano watano. Wewe ndiye utakayewaeleza."

Watoto wakaja, wakasimama mbele ya boksi la kasuku, na mmoja akauliza kwa nini samaki kalazwa. Bibi Afya alieleza yote.

Siku ya kumi na nane mlango wa stoo uligongwa kwa adabu isiyo ya kawaida.

"Hodi, Bibi Afya."

"Karibu. Chumvi imerudi?"

"Imerudi na ukoo wake," alisema mpiga picha. "Wawili wamekufa. Watano waliobaki wanahema kama wamepandishwa ghorofa. Nataka nimwage dawa ya shaba humo."

"Ukiimwaga, kamba wako wote kwaheri. Watoe samaki, wahame kwenye mabeseni. Tangi libaki bila samaki wiki kumi na moja, vimelea vife njaa."

"Wiki kumi na moja nitazame nini?"

"Mawe. Yapige picha, yanatulia."

Lakini alichukua neti mpya, kwa kuwa ya Mpangaji haigusi maji ya jirani, akaenda kumpangia mabeseni kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Tangu hapo wateja wa studio wakawa wanavaa suti huku samaki watano wakiwakodolea macho. Hakufa mwingine hata mmoja.

Siku ya thelathini Mpangaji aliingia nyumbani. Alizunguka tangi zima mara moja, mwenye nyumba mkubwa akamsukuma kidogo kumwonyesha nani ni nani, kisha wote watatu wakagombea chakula. Bibi Afya alisimama mbele ya kioo, mikono kiunoni, mpaka mgonjwa mmoja akamuuliza kama yeye ndiye aliyewaumba.

"Shangazi," aliita, "boksi la televisheni nilitoe stoo sasa? Limejaza nafasi."

"Liache hapohapo," shangazi akajibu kutoka ndani. "Kesho muuza samaki ananiletea wawili wa zambarau. Watalala juu ya nini?" Kisha akatoa kichwa mlangoni. "Mwezi mmoja, siyo, Bibi Afya?"

Alilitamka jina lile kama linavyotamkwa jina la kazi.

"Mwezi mmoja, shangazi," alisema, na kwenda kuanika beseni juani.